Unataka kuandika? Maswali ninayoulizwa kila siku, na ninavyoyajibu

Nahariri miswada hapa Dar es Salaam: riwaya, wasifu, diwani za mashairi, mara mojamoja na historia ya ukoo iliyoandikwa na mzee mstaafu. Maswali haya yananijia kwa simu na kwa WhatsApp, na mengine nimeulizwa nikiwa kwenye foleni ya pantoni Kigamboni. Nimeyaweka mahali pamoja nisiwe najirudia. Mhariri mwingine atakujibu vingine, na huenda naye yuko sahihi.

Hivi watu wanaandika kwa nini hasa?

Ukiwauliza wenyewe watakupa majibu makubwa: kuelimisha jamii, kukuza lugha, kuacha alama. Siyaamini sana. Mtu haamki saa kumi alfajiri, kabla hajaingia kwenye foleni ya Kimara, kwa ajili ya "jamii". Anaamka kwa sababu kuna mtu anataka kumwambia jambo, na kwa mdomo jambo lenyewe halisemeki.

Mchukue Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia. Kwanza kabisa alikuwa na msomaji mmoja mbele yake, na anamwita binti yangu. Leo utenzi ule unasomwa vyuoni na watu ambao hata hakuwawazia, na wengi wetu tunabishana naye kuhusu namna anavyotaka mke awe kwa mumewe. Tungebishana vipi na maneno yaliyokwisha kufa?

Au mchukue Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akitaka maisha ya Wakerewe aliyoyajua yasisahaulike. Hakupata wa kuichapa. Akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ya hapa Dar ikaitoa mwaka 1980. Yeye alifariki 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35 kati ya nukta ya mwisho na kitabu! Anayeniambia anaandika ili apate jina haraka huwa namsimulia habari hii, halafu namwangalia usoni.

Mwalimu Nyerere naye: mwaka 1963, Rais wa nchi changa yenye shida za kila namna, akatoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Hakuwa na njaa ya jina wala ya fedha. Kwa aliyedhani Kiswahili hakiwezi kubeba mambo mazito, jibu ndilo hilo, na ni refu kuliko hotuba.

Kwa hiyo kabla sijafungua mswada wa mtu huwa namuuliza: unamwandikia nani? Sitaki orodha ya "walengwa" kama kwenye andiko la mradi. Nataka mtu. Mdogo wako aliyeko Songea, mzee aliyekudhulumu kiwanja, wewe mwenyewe ulipokuwa na miaka kumi na tano. Ukiniambia "Watanzania wote", najua kazi bado haijaanza.

Mwandishi anazaliwa au anafundishwa?

Anasoma. Hilo la kuzaliwa tuwaachie wazazi. Sijawahi kupokea mswada mzuri wa mtu asiyesoma, na wasiosoma wananiletea kila mwezi. Kama huna fedha, vitabu vya mitumba vinauzwa barabarani kule Posta na Mtaa wa Samora, na Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina viti na kimya, vitu viwili ambavyo nyumba nyingi za kupanga hazina.

Nina kisa kizuri kichwani. Nikisimulia kijiweni watu wanacheka mpaka machozi. Nikikaa kuandika, hakitoki. Tatizo nini?

Kijiweni husimulii peke yako. Ukimtaja Shemeji Hamisi, kila mtu anamjua alivyo na kitambi na alivyo bahili. Ukipunguza sauti wanasogea. Ukiona mtu anachungulia simu, unaruka kipande kile unakwenda kwenye utamu. Nusu ya kazi wanakufanyia wasikilizaji, kwa sura zao.

Kwenye karatasi sura hizo hazipo. Msomaji hamjui Hamisi, haoni mikono yako, na akichoka hakuambii, anafunga tu. Basi yote yaliyokuwa yanafanywa na sauti, mikono na ujirani lazima yafanywe na maneno. Uandishi unachosha kwa sababu hiyo, hata kwa fundi wa kusimulia. Pengine hasa kwa fundi wa kusimulia, maana amezoea kusaidiwa.

Ninachowaambia wengi: jirekodi kwa simu ukimsimulia mtu mmoja ambaye hakuwepo kisa kilipotokea wala hawajui wahusika. Kisha sikiliza na uandike ulichosema. Angalia mahali alipokukatiza kuuliza, "Huyo ndiye nani tena?" au "Enhe, kwani mlango ulikuwa wazi?" Kila alipouliza, hapo karatasi yako ina shimo.

Na si lazima uanze mwanzoni. Anza na kipande unachokiona vizuri zaidi, hata kama ni mazishi ya sura ya kumi. Mwanzo wa kitabu mara nyingi huandikwa mwisho, mwandishi anapokuwa ameshajua alikuwa anaelekea wapi.

Kalamu, kompyuta au simu?

Chochote ambacho hakitakupa kisingizio. Nina waandishi wawili wanaotumia kaunta buku za kwaya tatu na kalamu ya wino wa bluu, kwa sababu umeme ukikatika wao hawana habari. Yuko kijana anayeandika riwaya nzima kwenye simu ndani ya mwendokasi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, amesimama. Angalizo moja tu kwa wa simu: jitumie nakala kwa barua pepe kila wiki. Simu inaibiwa. Mswada hauna kitambulisho cha kuripoti polisi.

Nipange hadithi yote kwanza au niende nayo tu?

Upelelezi upange, maana usipojua muuaji ni nani utamdanganya msomaji vibaya. Hadithi nyingine, jua mtu wako anataka nini na nani anamzuia, halafu nenda.

Niandike kiasi gani kwa siku?

Maneno 300, yaani karibu ukurasa mmoja wa A4 wenye nafasi mbili kati ya mistari. Ukifanya hivyo siku tano kwa wiki unapata 1,500, na riwaya ya maneno 50,000 inakuwa mezani kwa wiki 34 hivi. Anayesubiri likizo aandike yote kwa mkupuo huwa bado anasubiri.

Rasimu yangu ya kwanza nimeisoma, ni mbovu. Niachane nayo?

Afadhali umeiona. Wanaonipa tabu ni wale wanaoiona nzuri.

Rasimu ya kwanza ni yako wewe. Kazi yake ni kukuambia ulikuwa unataka kusema nini, na mara nyingi hukujua mpaka umeandika. Mtu anaanza kuandika kumlaani baba yake, akifika ukurasa wa tisini anagundua aliyemkasirikia ni mama. Hiyo si hasara, ndiyo njia yenyewe. Msomaji anaanza kuhesabiwa kwenye rasimu ya pili.

Nikuonyeshe kwa mfano mdogo. Sentensi ya kwanza ya rasimu huwa hivi, na nimeziona nyingi za aina hii mpaka hii nimeitunga mimi mwenyewe bila shida:

"Ilikuwa ni siku ya Jumatatu asubuhi na mapema ambapo jua lilikuwa limeshachomoza na ndege walikuwa wakiimba kwa furaha wakati Rehema alipokuwa akielekea kazini huku akiwa na mawazo mengi sana."

Toa visivyofanya kazi. Jua huchomoza kila siku, ndege hawana habari na Rehema. Inabaki:

"Jumatatu asubuhi Rehema alikuwa kituoni Mbagala Rangi Tatu, ana mawazo mengi."

Ni safi, lakini bado mwandishi ananiambia jambo ambalo ningependa kuliona. Mawazo mengi yanaonekanaje kwa mtu aliyesimama kituoni? Jaribio la tatu:

"Rehema aliacha daladala tatu zipite pale Rangi Tatu. Zote zilikuwa na siti."

Mkazi wa Dar akisoma hapo anashtuka. Rangi Tatu, mtu anaacha siti? Huyu ana jambo. Neno mawazo halipo, na mawazo yapo. Sikuhitaji hata kusema ni asubuhi, sentensi inayofuata itasema. Msomaji wa Mwanza ambaye hajui vurugu za Rangi Tatu utamsaidia kwa mstari mmoja wa watu wanaopitia dirishani, basi. Unaona swali la "unamwandikia nani" linavyorudi?

Sasa fanya hivyo kwa kurasa mia mbili. Ndiyo, ni kazi. Kwa wengi kuandika ni miezi sita na kuandika upya ni mwaka.

Nitaanzaje kusahihisha kazi yangu mwenyewe?

Ifungie kwanza. Wiki tatu, nne, usiiguse, mpaka uisahau kidogo. Kisha ichapishe kwenye karatasi pale steshenari, usiisome kwenye kioo, na uisome kwa sauti. Ulimi una akili: utakapokwama, sentensi ina kasoro. Nyingi zitakuwa zimejaa "ambapo", "hali ya kwamba" na "suala zima la", maneno yaliyohamia kwenye hadithi kutoka kwenye taarifa za ofisini.

Wahusika waongee Kiswahili sanifu au cha mtaani?

Waongee kama wanavyoongea. Konda akisema, "Ewe abiria, tafadhali nipatie nauli yako," mimi nafunga mswada. Anasema, "Anko, bado wewe." Abiria anajibu, "Si nimekupa pale Mtoni?" "Ulinipa buku, chenji yako hii hapa, mbona mkali?" Tayari tuna watu wawili.

Lakini msimulizi si lazima aongee hivyo, na hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza: wanaweka misimu kila mstari mpaka kitabu kinachacha baada ya miaka miwili. Misimu ya Dar haikai. Iliyokuwa moto mtoto wa darasa la saba alipozaliwa, leo anaicheka. Tia kiasi, na kwenye mdomo wa anayestahili. Ukiwa na shaka juu ya neno la kawaida, fungua kamusi ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Hata waliokaa miaka thelathini kwenye kazi hii wanafungua.

Na babu wa Kilwa asiongee kama mjukuu wa Sinza. Hilo nalo watu wanalisahau.

Ushairi lazima uwe na vina na mizani?

Swali hili lilishawahi kugombanisha watu wazima. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili, alichapisha kanuni za utungaji pamoja na diwani yake mwaka 1954. Kwa shairi la kawaida ni mishororo minne katika ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata hayo, na mjadala ukawaka. Haujazimika bado. Mguse mshairi mkongwe wa magazetini uone.

Ushauri wangu: jifunze mizani kwanza hata kama utaiacha. Mkono uliohesabu nane kwa nane kwa mwaka mmoja unajua uzito wa silabi. Mashairi huru mengi ninayoyapokea ni insha iliyokatwa vipande kwa kitufe cha kushuka mstari.

Nimekwama. Wiki ya tatu siandiki kitu.

Kukwama kuna aina. Ukikwama kwa uchovu, lala. Ukikwama kwa sababu hujui kinachofuata, rudi nyuma kurasa kumi. Mara nyingi kuna mahali ulimlazimisha mhusika kufanya jambo ambalo mtu wa tabia yake hafanyi, na tangu hapo hadithi imegoma. Na ukikwama kwa sababu hujui kitu (bandarini kontena linatolewaje, mama lishe anaamka saa ngapi kwenda Feri kuchukua samaki), toka nje ukaulize. Wenye kazi zao wanapenda kuulizwa. Nunua chai, kaa, sikiliza. Aina ya tatu ndiyo ya kawaida kuliko zote, na watu huiita ukosefu wa hamasa.

Naweza kuandika mambo ya familia yangu? Mama atanifukuza.

Mswada mzima wa mambo ya nyumbani unaweza kuandikwa na kukaa sandukuni. Kuandika na kuchapisha ni maamuzi mawili tofauti, usiyafanye siku moja. Andika yote, kwa majina yao, bila woga. Ukifika rasimu ya pili ndipo uulize nini kinaweza kutoka.

Kubadili jina hakutoshi. Shangazi yako akibaki na mguu mbovu, duka la vitenge Kariakoo na talaka tatu, hata umwite Bi Zuhura wa Lindi atajijua, na ukoo wote utamjua. Gawa sifa, changanya watu wawili wawe mmoja, hamisha mji. Na kama unaandika kisa cha kweli chenye majina ya kweli, waonyeshe wahusika kabla ya kuchapisha, na kwa tuhuma nzito muone mwanasheria.

Ila usiache kuandika kwa sababu ya aibu peke yake. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka 1971 ilizuiwa mashuleni kwa kusema wazi yaliyokuwa yanawapata wasichana. Baadaye ikaingia kwenye orodha ya vitabu vya kusoma.

Nimpe nani asome kwanza?

Asiwe mchumba wako. Watu watatu wanatosha: mmoja anayesoma sana, mmoja anayejua mambo uliyoyaandika, na mmoja wa rika la msomaji wako. Usiwaulize kama wamependa, watakuambia ndiyo, sisi ni watu wa heshima. Waulize waliacha kusoma ukurasa gani wakaenda kufanya kitu kingine.

Mhariri si ataua sauti yangu?

Mhariri mbaya ataiua. Mzuri anakuonyesha mahali uliposikika kama mtu mwingine. Kwanza anaangalia mwili wa kazi, yaani mpangilio, wahusika, mwendo. Kisha sentensi. Tahajia mwisho kabisa. Anayeanza kukurekebishia koma kabla hajakuambia kwamba sura ya pili haina kazi, mrudishie mswada wako.

Wakiniibia je?

Wazo halina mwenyewe. Maandishi yana mwenyewe tangu yalipoandikwa. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Unaweza kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ni vizuri ufanye hivyo, kwa sababu siku ya ugomvi utakuwa na karatasi. Wizi halisi siku hizi ni PDF inayozunguka kwenye magrupu. Dhidi ya huo dawa nzuri sijaiona.

Hadithi za WhatsApp na Facebook nazo ni uandishi?

Kwa nini zisiwe? Mwandishi anatoa vipande kumi bure, anakatiza mlango unapogongwa, na anayetaka kujua nani aligonga anatuma fedha kwa simu. Magazeti yalifanya hivyohivyo kwa miaka mingi, na watu walinunua gazeti kwa ajili ya "itaendelea". Shule yake ni kali: msomaji anakuambia palepale kwamba umemchosha. Hasara yake ni kwamba kila kipande lazima kipige kelele mwishoni, na mwandishi anazoea. Ukitaka kuigeuza kuwa kitabu, itabidi uondoe nusu ya milango inayogongwa.

Mchapishaji au nichapishe mwenyewe?

Mchapishaji anagharamia yeye, anakupa mrabaha kwa asilimia, na anachelewa. Ukichapisha mwenyewe unagharamia wewe, unauza wewe, na chumbani kwako wanakaa maboksi. Si jambo la aibu. Ben Mtobwa, aliyetuandikia Dar es Salaam Usiku, alikuwa na kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Namba ya ISBN ya kutambulisha kitabu, ile ya tarakimu 13, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, palepale Maktaba Kuu. Anza na nakala chache. Anayekulipisha "ada ya kuchapishwa" huku akijiita mchapishaji, soma mkataba wake mara mbili.

Mashindano nayo ni mlango. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la hadithi za Kiswahili la 1957/58, na Mzimu wa Watu wa Kale ukatoka 1960. Siku hizi kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Fuata masharti kwa herufi. Kazi nzuri hutupwa kwa kuzidisha kurasa.

Inalipa?

Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali. Elvis Musiba, aliyemtunga mpelelezi Willy Gamba wa riwaya zake, alikuwa mfanyabiashara. Kezilahabi alifundisha chuo kikuu. Usiache kazi.

Si akili mnemba itaandika yote?

Itaandika ile sentensi ya ndege wanaoimba kwa furaha, tena bila makosa ya tahajia. Ya siti za Rangi Tatu inamhitaji mtu aliyewahi kuning'inia mlangoni.

Nitajuaje kazi imekwisha?

Ukiona unabadilisha neno leo na kesho unalirudisha, acha.

Naweza kukuletea mswada?

Lete. Karatasi za A4, upande mmoja, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zenye namba. Jina na simu ukurasa wa kwanza. Usiniletee nakala yako ya pekee. Nianzishie sura tatu na ukurasa mmoja unaosema hadithi yote mpaka mwisho, pamoja na muuaji, maana wanaonificha mwisho ni wengi na sijui wananiogopea nini. Nipe wiki sita kabla ya kupiga simu. Na juu kabisa, kwa mkono, andika jina la mtu uliyekuwa unamwandikia.